Kizingiti cha Darasa la Kwanza

Ukuta uliotenga darasa langu na lake ulikuwa wa udongo, na haukufika juu. Mafundi waliishiwa na miti, wazazi wakaishiwa na ari, ukuta ukaachwa pale ulipofika, kimo cha mtu mrefu aliyeinua mkono. Kwa hiyo kila alichokisema mle ndani nilikisikia. Nilisikia watoto wake wakicheka saa mbili na nusu asubuhi, saa ambayo watoto wangu mimi walikuwa wananikodolea macho kama ng'ombe wanaongoja dawa. Nasema mapema nisije nikamdanganya mtu: nilimwonea wivu. Haukuwa wivu mdogo wa kupita, wa leso mpya au wa jirani aliyeezeka mabati. Nilimwonea wivu wa kazi, na huo niliamka nao na kulala nao kwa miaka.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala kwa akina nani. Kwetu Gusii ukianza na ukoo utamaliza na kesi ya shamba. Nitamwita kama shule nzima ilivyomwita, Mwalimu wa Kwanza, maana alifundisha Darasa la Kwanza. Wapo wageni waliodhani anaitwa hivyo kwa kuwa ndiye bora kuliko sisi wengine, na hakuna aliyejisumbua kuwasahihisha isipokuwa mimi.

Shule ilikuwa mlimani juu ya Ogembo, katikati ya migomba na chai changa. Nilifika pale miaka michache baada ya Uhuru, nimeolewa kutoka Nyamira, nina cheti cha ualimu cha P3 ndani ya fremu ya kioo. Walimu tulikuwa saba, na waliosomea ualimu walikuwa wawili tu, mimi na mwalimu mkuu. Wale wengine walimaliza masomo yao madogo, wakaombwa na kanisa wasimame mbele ya watoto, wakasimama. Chuoni tuliambiwa kwamba watu hao ni viraka. Nchi ikipata kitambaa kizima viraka vitabanduliwa. Nilikuja Ogembo nikijiona kitambaa.

Kijijini walikuwa na namna yao ya kututofautisha. Wazee walisikia kwamba mimi nimefanya "treningi", na kwa kuwa neno hilo halikuwa na maana kwao, wakasikia treni. Kisii hakuna reli. Treni ilikuwa kitu cha Kisumu, mtu alisafiri hasa ndipo akaiona. Basi ikasemwa kwamba mimi nimepanda treni na Mwalimu wa Kwanza hajapanda. Mzee mmoja wa kamati ya shule aliniuliza, kwa heshima zote, kama ule moshi wake unaumiza macho. Mwalimu wa Kwanza aliujua ukweli vizuri sana, lakini aliupenda mzaha. "Mimi natembea na miguu tu," alikuwa akisema. "Lakini nikifika, nimefika."

Na kweli alitembea. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya kijito, mwendo wa saa nzima, na viatu vyake alivibeba mkononi njia yote. Kwenye mlango wa shule alikata jani la mgomba, akafuta miguu, akavaa. Saa kumi jioni alivivua palepale. Nilimwuliza siku moja kwa nini anajitesa. Akasema viatu ni vya darasa, njia haijali. Mimi nilikuwa na jozi tatu na nilizivaa popote, hata jikoni, na sijawahi kusikia mtu akivitaja viatu vyangu. Vyake vilijulikana mpaka sokoni.

Chaki aliivunja vipande vitatu kabla hajaanza kuandika, ili ikidondoka isivunjike tena. Chaki za shule zikiisha, na ziliisha kila muhula, alileta vipande vya jiwe la sabuni, lile laini la kuchonga vinyago, kutoka Tabaka, akaandika navyo kana kwamba hakuna kilichopungua. Mwandiko wake ulinitia uchungu. Herufi zilisimama ubaoni zimenyooka, zimeshiba. Jioni moja watoto walipokwisha kwenda, niliingia darasani mwake nikaiiga "a" yake mara kumi, kisha nikafuta ubao wote nisije nikajulikana. Kesho yake akauliza ni malaika gani amemfutia ubao.

Sisemi alikuwa mtakatifu. Alikuwa mwongo, kwanza. Kila mzazi aliyemwuliza habari za mtoto wake aliambiwa, "Huyu wako ana kichwa." Kila mzazi, hata wa yule mtoto aliyekula karatasi. Mimi niliwaambia wazazi kweli, kwa alama na kwa nafasi, nao walinishukuru wakaenda kukaa upande wake wa uwanja. Katika mikutano ya walimu alisinzia waziwazi. Na pamoja na ujasiri wake wote, mtu aliyemfukuza nyoka darasani kwa ufagio huku akiendelea kuhesabisha watoto, aliiogopa karatasi. Kutia sahihi kwenye kitabu cha mahudhurio kulimtoa jasho. Alishika kalamu ya ofisi kama kitu cha kuazima, akaandika jina lake polepole, akaichungulia ile sahihi kuona kama imekubalika.

Maandalio ya masomo hakuandika kabisa. Mimi niliyaandika kwa wino wa rangi mbili, shabaha ya somo, vifaa, hatua, hitimisho, kama nilivyofundishwa. Mwalimu mkuu alipomtaka Mwalimu wa Kwanza alete yake, yeye alimvuta mkuu mpaka mlangoni akamwonyesha watoto hamsini na kitu wamekaa sakafuni. "Andalio langu ndilo hilo, limekaa," akasema. Mwalimu mkuu alikuwa mtu mpole, aliyependa amani kuliko maandalio, akacheka, akarudi ofisini. Ningesema mimi maneno hayo ningeandikiwa barua ya onyo.

Alijifunzia kazi wapi? Nilimwuliza, nikitaka nisikie aibu kidogo katika jibu. Akaniambia alianza kwa kufundisha watoto wa Shule ya Sabato kanisani kwao, chini ya mti, kila Jumamosi, wala hakuwa na kitabu zaidi ya kimoja. "Mtoto akikuchoka kanisani, analala," akasema. "Basi unajua mara moja kwamba umekosea." Mimi Mkatoliki nilijibu kwamba kwetu watoto hawalali kanisani. Akanitazama kwa huruma, akabadilisha mazungumzo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nilikitembeza cheti changu. Nilikitundika darasani, si nyumbani, kwenye ukuta uleule wa kati, ili ajue kiko upande wa pili.

Sasa nifike kwa binti yangu.

Nyumbani kwangu tulitaka kuwa watu wa kisasa. Nilimfundisha binti yangu aniite mama, kwa Kiswahili, si kama watoto wa jirani. Hapa lazima nimweleze msomaji ambaye si wa kwetu: kwa Ekegusii, "baba" ni mama. Mama mzazi, aliyekuzaa. Yule ambaye Mswahili humwita baba sisi humwita "tata". Mwanamke yeyote wa makamo anayeheshimika utamwita baba, na hakuna atakayeshangaa. Mimi niliona neno hilo ni la migombani. Nikalikataza nyumbani mwangu.

Binti alipotimiza miaka sita nilitaka aingie shule akijua kusoma. Nilimtengenezea kadi za herufi kama za chuoni, zenye picha zilizopakwa rangi, tukakaa mezani kila siku baada ya chakula cha mchana. Miezi mitatu. Aliijua picha ya kuku, herufi haijui. Nilimfinya, nikambembeleza, nikamfinya tena. Mwishowe akaanza kulia akiona kisanduku cha kadi tu. Nikamwandikisha Darasa la Kwanza hivyohivyo, upande wa pili wa ukuta.

Muhula haujaisha, tulikwenda Ogembo Jumapili baada ya Misa kununua kitambaa. Binti akasimama mbele ya duka, akainua kichwa, akasoma kibao kilichokuwa juu ya mlango: "Du-ka la ngu-o." Nilidhani nimesikia vibaya. Akarudia, safari hii bila kukata.

"Nani amekufundisha?" nikauliza.

"Baba," akasema.

Mwenye duka, Mwislamu mmoja mcheshi ambaye Kiswahili alizaliwa nacho, akacheka kwa furaha. "Mashallah. Kumbe na baba mtu ni mwalimu, mama?"

Mume wangu alikuwa karani wa kiwanda cha chai. Baba aliyetajwa na binti yangu alikuwa amevaa sketi ya kijivu na anabeba viatu mkononi. Nilichotakiwa kusema ni kwamba mtoto anamsema mwalimu wake. Nikasema, "Ndiyo, ni mwalimu pia," nikalipia kitambaa tukaondoka. Mimi nilikuwa nimelitupa lile neno, na mtoto wangu ameliokota akampa mwingine. Roho iliniuma mpaka nikamwonea uchungu yule mtoto mwenyewe.

Neno hilo hilo ndilo lililokuwa mwiba wa Kiswahili shuleni kwetu. Kitabu cha kwanza cha kusoma kilianza kwa picha ya mwanamume mwenye ndevu ameshika jembe, na chini yake, "Baba analima." Mtoto wa Kigusii anamtazama yule mtu, anatazama zile ndevu, anaambiwa aseme baba. Anakataa kwa moyo safi kabisa. Mimi nilipopewa darasa hilo mwaka wangu wa kwanza, kabla halijarudishwa kwake, niliwafundisha kwa kuwakaririsha, na kwa kiboko. Walikariri. Halafu ukiwauliza "Nani analima?" wanasema "Mama," maana ukweli ni kwamba kwao mama ndiye anayelima.

Mwalimu wa Kwanza aliwapeleka mlangoni. Kizingiti cha darasa lake kilikuwa gogo la mkaratusi lililolainishwa na miguu ya watoto. Aliwaambia nje ya gogo ni nyumbani na ndani ya gogo ni shule. Akawasimamisha nje akauliza, "Baba ni nani?" Wakaonyesha wanawake wanaochuma chai ng'ambo, au wakamwonyesha yeye. "Ruka." Wakaruka ndani. "Baba ni nani?" Wakaonyesha yule mwenye ndevu. Nje, ndani, nje, ndani, huku wakicheka, mpaka neno likakaa mahali pake pawili. Nilisikia kila kitu juu ya ukuta. Nilimsikia pia akiwaambia, "Neno ni kama msichana. Akivuka mto kuolewa ataitwa jina lingine huko, lakini kwao hawajamsahau." Mimi niliyevuka kutoka Nyamira nilisikiliza hayo nikiwa nimeshika kiboko. Wiki moja, na walikuwa wamemaliza. Mimi lilinichukua mwaka, na sikumaliza.

Wakati huo ikaja barua kutoka ofisi ya elimu. Walimu wasiosomea, waliotumika kwa muda mrefu, wangechaguliwa kwenda chuoni wakati wa likizo mpaka wapate cheti. Kwa shule za upande wetu nafasi ilikuwa moja, na mwalimu mkuu aliandika jina la Mwalimu wa Kwanza. Asiyekwenda angefundisha mpaka apatikane mwenye cheti, kisha akabidhi chaki. Kila mtu aliyajua hayo. Kilichobaki ni mkaguzi aje amwone akifundisha, aandike maoni yake.

Alinunua daftari jipya kwa ajili ya chuo, akalifunga kwa karatasi ya kaki. Tukimwuliza habari, anasema, "Treni yangu iko Kisumu, inapakia makaa." Alicheka, lakini kila gari likiguruma barabarani aliinua kichwa.

Mkaguzi akaja, mtu wa mbali, kijana, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Aliingia kwangu kwanza. Nilimfundishia somo lililopangwa hatua kwa hatua. Akaitazama fremu yangu ukutani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaenda upande wa pili, na mimi nikawapa watoto wangu kazi ya kunakili ili kuwe kimya nisikie.

Aliwakuta watoto wamesimama nje ya gogo. Hakungoja. Alimwinamia aliye karibu akauliza kwa upole, "Haya, mtoto mzuri. Baba ni nani?"

Niliitambua sauti iliyojibu kabla haijamaliza neno. Ilikuwa ya binti yangu.

"Ni huyu," akasema.

"Yupi? Huyu mwalimu? Huyu ndiye baba?"

"Ndiyo. Huyu ndiye baba."

Akamwuliza mwingine, naye akaonyesha wanawake wa chai. Mkaguzi akamgeukia Mwalimu wa Kwanza amweleze. Na yeye, aliyefukuza nyoka, Kiswahili chote kikamkimbia mbele ya mtu wa ofisi. Alichosema ni, "Bado hawajaruka, bwana." Mkaguzi akadhani anamfanyia mzaha.

Akaja mlangoni kwangu amekunja uso. "Mama, wewe umesomea kazi hii. Ndivyo anavyofundisha siku zote?"

Jibu nilikuwa nalo. Bwana, kwa lugha yetu baba ni mama. Ngoja waruke, uwaulize tena. Ni maneno ya pumzi moja. Lakini masikioni mwangu kulikuwa na lile jingine, huyu ndiye baba, kwa sauti ya mtoto niliyemzaa mimi. Nyuma ya mkaguzi nilimwona binti yangu amesimama nje ya gogo, mguu mmoja juu, anangoja aambiwe aruke.

"Ndiyo, bwana," nikasema. "Siku zote."

Hapo hakuna uongo. Ndivyo nilivyojiambia kwa miaka, kwamba sikusema uongo.

Mkaguzi aliandika kwenye kitabu cha shule kwamba mwalimu huyu hajui maana ya maneno ya kawaida ya Kiswahili, hata neno baba, na kwamba hafai kupelekwa chuoni. Mwalimu mkuu alitusomea. Alianza kucheka, kwa kuwa alielewa mara moja kilichotokea, kisha kicheko kikamwishia. "Sasa nani atakwenda kumfundisha mkaguzi Kiswahili?" akasema, na hakuna aliyejitolea. Mwalimu wa Kwanza aliuliza neno moja tu.

"Ameandika na wino?"

"Na wino."

"Basi," akasema, akaenda kupiga kengele, kwa sababu saa ilikuwa imefika.

Alifundisha mwaka mmoja tena, mpaka akaletwa kijana mwenye cheti. Siku ya mwisho aliwarusha watoto gogo mmoja mmoja, akawapa mkono. Halafu akaja kwangu, viatu tayari viko mkononi. Nilifikiri amejua. Nilikuwa hata na majibu.

"Nilikusikia ile siku," akasema. "Ulimwambia yule bwana mimi nafundisha hivyo siku zote. Asante sana, baba. Mwingine angesema najifanya tu kwa sababu ya mgeni."

Hiyo "baba" alinipa yeye, mimi niliyeikataza kwangu. Nikamwambia asijali.

Mimi nilipanda. Nilipata kozi, nikapata cheti cha juu, na katikati ya miaka ya sabini nikawa nafundisha walimu chuoni. Somo langu lilikuwa kufundisha lugha. Mwaka wa kwanza, wanafunzi wangu walirudi kutoka mazoezi ya kufundisha wakilalamika: watoto wa Kigusii hawataki kuelewa "Baba analima." Nilisimama, nikaenda mlangoni, nikawaita. Nje ni nyumbani, ndani ni shule. Watu wazima wale waliruka wakacheka kama watoto. Nilisikia kile kicheko nilichokuwa nikikisikia juu ya ukuta, na kwa mara ya kwanza kilikuwa changu.

Mkuu wa chuo alipita, akasimama, akaniomba niandike. Tukapiga stensili, tukasambaza karatasi kwa darasa zima na kwa walimu wengine. Juu iliandikwa "Mbinu ya Kizingiti", na chini jina langu kamili. Nilipongezwa mkutanoni. Nilipandishwa cheo. Hata lile neno la msichana anayevuka mto niliweka, na watu wakaninukuu.

Unaweza kudhani wivu ulikwisha. Haukwisha. Kila nilipofundisha somo lile nilijua yeye angelifundisha vizuri zaidi.

Tulikutana soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, mwishoni mwa miaka ile ya sabini. Nilikwenda kununua ndizi, na mwenye ndizi alikuwa yeye. Alikuwa amepungua mwili, kichwa kimefungwa kitambaa cheupe, amekaa chini, miguu mitupu. Aliniona kwanza.

"Mwalimu," akaniita. Akauliza habari za binti yangu kabla ya habari zangu. Nikamwambia yuko sekondari. "Nilijua. Huyo ana kichwa," akasema, na sikuweza kujua kama huo ni ule uongo wake au la.

Akanisogezea gunia nikae. "Nataka nikuambie kitu kimoja," akasema. "Mimi siku hizi nakaa huku Suneka. Kuna mwalimu kijana amekuja hapo shule yetu. Siku moja napita na ndizi yangu, naona watoto wanaruka mlango. Nje, ndani. Nikaweka ndizi chini. Nikamwuliza, mwanangu, hii kitu umetoa wapi? Akasema, mama, hii tumefundishwa chuoni. Iko kwa karatasi."

Nilishika mkungu uliokuwa karibu nami kana kwamba nauchagua.

"Nilifurahi sana," akaendelea. "Lakini pia niliona aibu. Miaka ile yote mimi nilidhani ni kitu nimetoa kwa kichwa yangu. Kumbe iko chuoni. Kumbe wenyewe wanaijua. Yule mkaguzi lazima aliniona nafanya kitu ya wenyewe na sijui kuifanya. Ningepanda treni ningeifanya sawasawa."

"Wewe ndiye uliyeianza," nikamwambia. "Chuoni hawakuwa nayo. Imetoka kwako."

Alicheka, akanipiga begani kidogo. "Wewe ni mtu mzuri siku zote. Hata ile siku ya mkaguzi. Lakini usinidanganye, mimi ni mzee. Mtu hajasoma, chuo kitajifunza nini kwake?"

Nilirudia. Akazidi kucheka, akamwambia jirani yake muuza mboga kwamba mwalimu huyu tangu zamani anapenda kufariji watu. Nilikuwa nimebeba kweli ile miaka kumi, na nilipoitua hakuna aliyeitaka. Basi nikasema kilichonijia.

"Njoo chuoni. Jumatatu. Njoo darasani kwangu."

Kicheko kikakoma. Mikono yake ikaacha ndizi, akaifuta kwenye sketi.

"Treni yangu imefika?" akauliza.

Hakuwa anatania. Nilijua vizuri uso wake wa utani.

"Imefika," nikasema.

Jumatatu nilimwona kutoka dirishani akipanda ile njia ya chuo. Kwenye lango alikata jani, akafuta miguu, akavaa viatu. Vilikuwa vilevile. Mkononi alikuwa na daftari lililofungwa kwa karatasi ya kaki, limekuwa la manjano kwa kukaa, na penseli mbili zilizochongwa kwa kisu. Vijana wakainuka wote kumpisha kiti, wakati mimi huwa wananiinukia kwa kengele tu, na hata asubuhi ile, niliona, wivu ukanichoma kidogo. Akachagua kiti cha nyuma kabisa. Akafungua daftari ukurasa wa kwanza, akaandika tarehe kwa ule mwandiko wake, akaweka mikono juu ya meza, akaningoja.

Nilikuwa nimejiandikia karatasi: mkaguzi, na ile "ndiyo" yangu, na stensili, na jina lililo chini yake. Nilikusudia kuyasema yote mbele yao na mbele yake. Nikaanza na lililo jepesi.

"Leo sifundishi mimi," nikasema. "Aliyebuni Mbinu ya Kizingiti, anayeijua kuliko mimi na kuliko chuo hiki, yuko hapa darasani. Mwalimu, karibu mbele."

Vijana wakageuka wote kumtazama. Naye akachukua penseli yake, akakaa sawa kwa heshima, akageuka kuutazama mlango, aone ni nani anayeingia.